Diski Inayopotea na Kurudi: Ununue Nini Kwanza?

Diski ilifungwa ndani ya kitenge, kitenge kikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ukatumbukizwa katika begi la shule lililobanwa kati ya dereva wa pikipiki na abiria wake. Hivyo ndivyo diski mpya ya kompyuta ilivyosafiri kutoka Bunia hadi Bule. Mama mwenye sekretaria, yaani duka la kupigia hati na fotokopi, aliilipia dola 55, na juu yake nauli ya kijana aliyemtuma, chakula chake na kitanda cha usiku mmoja mjini. Fundi akaifunga, akaingiza Windows upya, akachukua chake akaenda zake. Siku ya tatu diski mpya ikafanya yaleyale ya ile ya zamani: asubuhi ipo, saa nne haipo, mchana imerudi yenyewe kama mtu aliyekuwa ameenda kisimani.

Nilipoitwa sikubeba diski ya tatu. Nilibeba bisibisi, kebo mbili nyekundu na flashi yenye programu moja ya bure.

“Fundi, mbona umekuja mikono mitupu?” Mama akaniuliza, macho yakiwa kwenye kibegi changu.

“Mama, kwanza tuhesabu ulichokwisha kulipa,” nikamjibu.

Hesabu ile ndiyo ninayotaka kuifanya tena hapa, maana nimekuta watu wengi wa upande wetu wakinunua kitu cha bei kubwa ili kutibu ugonjwa wa bei ndogo. Wapo pia wanaofanya kinyume: hubadilisha kebo mara nne huku diski inakufa taratibu na kazi zao zote zimo ndani.

Kwetu bei ya kitu cha kompyuta ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya dukani. Bule iko teritware ya Djugu, kaskazini mwa Bunia. Kebo inayotufikia imetoka Kampala, ikapita Mahagi au Aru, ikafika Bunia, na kila mkono iliopita umeongeza chake. Bei hutajwa kwa dola, hulipwa kwa dola au kwa franga, na upande wa Mahagi hata shilingi ya Uganda inapokewa bila maneno. Sehemu ya pili ni barabara. Tangu jimbo la Ituri liwekwe chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021, tumezoea kuuliza habari za njia kabla ya kuuliza nauli. Kuna wiki kijana anakwenda na kurudi salama, na kuna wiki hakuna anayekwenda.

Tuseme safari nzima, pamoja na kula na kulala, inakugharimu dola 25. Weka yako kama unaijua. Kebo ya dola 3 sasa ni dola 28. Diski ya dola 55 ni dola 80. Ukikisia vibaya ukarudi tena mjini, kebo ileile imekuwa dola 108. Ghali hasa si diski wala kebo. Ghali ni kukosea.

Na kilichomo ndani ya mashini ile kina bei nyingine. Sekretaria ya Mama inapiga barua, orodha za wanafunzi, mialiko ya harusi, na kwa wingi hati za watu waliopoteza vitambulisho, kwa kuwa kadi ya kura ndiyo kitambulisho cha Mkongomani wa kawaida na mtu anayekimbia usiku hakumbuki kuichukua. Kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo iko karibu na Bule. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa. Waliobaki walianza tena na karatasi. Kwa hiyo mtu akiniambia “ni mafaili tu hayo”, huwa ninamwacha amalize, halafu ninaendelea na kazi.

Basi tuanze na jambo lisilo na gharama. Kabla ya kufungua chochote, siku ambayo diski imeonekana, nakili kazi zako kwenye flashi au diski nyingine. Siku hiyohiyo. Mafundi wengi huanza na bisibisi kwa sababu ndiyo inayoonekana kama kazi. Diski inayopotea na kurudi inakupa nafasi ambayo iliyokufa kabisa haikupi, na huwezi kujua imebaki na marudio mangapi.

Baada ya hapo, uchunguzi. Diski nyingi za kompyuta za mezani zinaunganishwa kwa njia mbili za aina ya SATA, zilizoanza kuenea tangu 2003. Kuna kebo nyembamba ya data yenye pini 7, mara nyingi nyekundu, inayokwenda kwenye kadi mama. Kuna na ile pana ya umeme yenye pini 15, inayotoka kwenye sanduku la umeme, lile ambalo Bunia tunaliita alimantasio. Zote mbili zina umbo la herufi L, na zote mbili zinaweza kulegea. Kichwa cha kebo ya ndani kimetengenezwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa kama mara 50 hivi. Kwa mashini iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka minane, ikafunguliwa Kampala kupunguzwa RAM, ikafunguliwa Bunia kuongezwa diski, ikapigwa mitikisiko hadi Bule, hamsini si namba kubwa.

Zima mashini, chomoa waya wa ukutani, subiri kidogo, gusa bati la kasha ili umeme wa mwilini utoke. Chomoa kebo zote mbili, zipulize vumbi, zichomeke tena hadi usikie zimekaa. Vumbi la Bule kiangazi ni jekundu na laini kama unga wa muhogo. Linaingia hata pale ambapo hewa ina shida ya kuingia. Kebo yenye kibati kidogo cha kufungia ni bora kuliko isiyo nacho, na ukiwa dukani uchague hiyo hata ikizidi nusu dola. Usiikunje kwa pembe kali ili kasha lifungike. Usiifunge pamoja na nyaya nyingine kama kuni. Kisha ihamishie kwenye soketi nyingine ya kadi mama. Kwa kawaida zipo mbili hadi sita, na wakati mwingine mgonjwa ni soketi, kebo haina kosa.

Hayo yote ni bure, na kwa uzoefu wangu hutibu sehemu nzuri ya diski za namna hii. Sehemu nyingine haiponi, na hapo ndipo watu wanapokimbilia duka.

Usikimbie. Diski yenyewe inaweka daftari. Kila diski ina hesabu za ndani zinazoitwa SMART, na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inazisoma na kuzionyesha kwenye skrini. Ndiyo ile niliyokuwa nayo kwenye flashi. Mtu akifungua ukurasa ule anatishwa na mistari mingi. Mimi huangalia sehemu tatu tu.

Ya kwanza ni mstari wa C7. Unahesabu mara ambazo data iliharibika njiani kati ya diski na kadi mama. Namba hii hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo kuiona kubwa si kitu. Kinachotakiwa ni kujua kama inaongezeka. Iandike kwenye karatasi leo, iangalie kesho. Ikipanda, shaka ya kwanza ni kebo ya data, halafu soketi. Ikiganda baada ya kubadilisha kebo, umepona kwa dola 3. Angalia pia kwamba programu hii huandika hesabu zake kwa mtindo wa kumi na sita: ukiona 0A maana yake ni kumi, na 10 maana yake ni kumi na sita. Nimeshawahi kumwambia mtu diski yake ina makosa machache kumbe nilisoma vibaya, kwa hiyo nasema hili kwa aibu kidogo.

Ya pili ni 05, C5 na C6. Hizi zinahusu sahani zenyewe: sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, zinazosubiri kuhukumiwa, na zilizoshindikana kusomeka. Hapa kebo haisaidii. Kampuni ya Marekani iitwayo Backblaze, inayotunza data za watu kwenye maelfu mengi ya diski, ilieleza mwaka 2016 kwamba inazitazama hizi tatu pamoja na nyingine mbili, ya 187 na ya 188. Kati ya diski zilizokufa, asilimia 76.7 zilikuwa na angalau moja ya hesabu hizo tano iliyo juu ya sifuri. Kati ya zilizokuwa bado zinafanya kazi, asilimia 4.2 tu. Geuza hesabu hiyo uone upande wake wa pili: karibu robo ya diski zilizokufa hazikuwa zimesema neno. Ukiona namba hizi zinapanda, nunua diski. Ukiziona sifuri, usilale usingizi wa pono. Na C7 haimo kwenye orodha yao, jambo linalokubaliana na ninayoyaona mezani: C7 inalalamikia njia, haimlalamikii msafiri.

Ya tatu ndiyo wengi hawaijui, na ndiyo iliyotufungulia fumbo la Mama. Juu ya ukurasa, upande wa kulia, kuna idadi ya mara ambazo diski imewashwa. Nikaiandika asubuhi. Siku ile mashini iliwashwa asubuhi, ikazimwa adhuhuri, ikawashwa tena. Kwa hesabu ya kawaida namba ilipaswa kuongezeka moja. Jioni ilikuwa imeongezeka tisa. C7 ilikuwa sifuri tangu mwanzo. 05, C5 na C6 sifuri.

Maana yake? Data haikuharibika njiani, na sahani zilikuwa nzima. Diski ilikuwa inazimwa na kuwashwa huku kompyuta imewaka. Ilikuwa inanyimwa umeme.

Nikamuuliza Mama, “Saa nne kunatokea nini hapa?”

“Saa nne si ndiyo watoto wa shule wanakuja fotokopi?”

Mashini ya fotokopi ya leza ina kipande kinachochemka ili kuyeyusha wino ukamate karatasi. Kinapowashwa kinavuta umeme kwa ghafla, wati mia kadhaa hadi elfu moja kwa sekunde chache. Penye umeme imara hushtuki sana. Taa inapepesa tu. Lakini Bule si Bunia, na hata Bunia yenyewe umeme unaotoka bwawa la Budana, lililojengwa zamani za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, hautoshi kila nyumba. Sekretaria ya Mama inaendeshwa kwa sola mbili, betri moja na inverta ndogo, na jenereta ya petroli, tunayoiita gurupu, siku ambazo mawingu yamekaa. Inverta ndogo ikipewa kompyuta na fotokopi kwa pamoja ni sawa na mtoto kubebeshwa magunia mawili. Inayumba. Alimantasio ya kompyuta hustahimili pengo la umeme la sehemu ndogo sana ya sekunde, kiasi cha milisekunde 16 au 17 kwa iliyo nzima. Iliyozeeka hata hiyo haifikishi.

Diski ya kuzunguka yenye ukubwa wa inchi 3.5 inahitaji umeme wa aina mbili: volti 5 kwa ubongo wake na volti 12 kwa mota. Ya 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Volti 12 ikishuka chini ya hapo mota inalegea, vichwa vinakimbilia maegesho yao, unasikia “tik”, na Windows inabaki inaita mtu aliyetoka nje. Ukifungua kasha ukakuta, kama nilivyokuta mimi, kwamba umeme wa diski unapita kwenye waya wa pacha uliogawanywa na sidii, na kichwa chake kimelegea kiasi cha kuchezacheza kwa kidole, basi una sababu mbili mahali pamoja.

Nikauondoa waya wa pacha. Sidii haikuwa imetumika tangu mwaka usiojulikana; nikaichomoa, nikaipa diski kichwa kizima kinachotoka moja kwa moja kwenye alimantasio. Fotokopi ikahamishiwa kwenye gurupu peke yake, na kompyuta ikabaki kwenye inverta. Gharama ya vifaa: sifuri. Gharama ya Mama kabla sijafika: dola 55 na barabara.

Neno moja kuhusu zile adapta za kugeuza kichwa cha zamani chenye pini 4 kuwa cha SATA. Zile ambazo nyaya zake zimezamishwa kwenye plastiki moja iliyomiminwa zina sifa mbaya duniani kote: nyaya za ndani zikikaribiana hupata moto na kuyeyuka, na huondoka na diski. Ukilazimika, tafuta yenye kichwa ambacho nyaya zinabanwa kwa kifuniko, ili uone kwa macho kila waya umekaa wapi. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko chupa ya soda.

Kuna mgonjwa mwingine anayejifanya ugonjwa huu, nami nimedanganywa naye. Mashini inawaka asubuhi na kusema haioni mfumo. Unaizima, unaingia kwenye mipangilio ya mwanzo, diski iko pale. Angalia saa. Kama inaonyesha Januari ya mwaka ambao mtoto wako hajazaliwa, betri ya duara ya kadi mama imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, ileile ya mizani na rimoti ndogo, kama dola moja. Ikiisha, kadi mama inasahau jinsi ilivyoelekezwa kuongea na diski na kurudia mpangilio wa kiwandani, ambao huenda si ule uliotumika kuingizia Windows. Penye umeme wa saa zote betri hii inaweza kumaliza miaka mingi. Kwetu, mashini inayochomolewa kila jioni inaikamua. Nimeona diski mbili nzima zikitupwa kwa sababu ya betri ya dola moja.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na daftari la diski limekuhukumu: C5 inapanda kila siku. Lazima ununue. Ununue nini?

Bei ninazotaja ni zile nilizozoea kukutana nazo mwenyewe. Uliza zako, maana dola ya leo si ya kesho na diski hupanda na kushuka. Diski ya kuzunguka iliyokwisha kutumika, ya GB 500, hupatikana kwa dola 10 hadi 20. Mpya ya TB 1 ni 50 hadi 70. SSD ya GB 240, ile isiyo na kitu kinachozunguka, huwa 25 hadi 40.

Ya mitumba sishauri, isipokuwa kwa nakala ya tatu ya kitu ambacho tayari una nakala mbili zake. Muuzaji anaweza kuifuta data; kuifuta umri si rahisi. Lakini mteja anayesimama dukani bila kompyuta hawezi kuuona umri huo. Kama utainunua, mwambie aichomeke mbele yako na ufungue CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako. Angalia saa ilizofanya kazi. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu mchana na usiku. Akikataa kuichomeka, amekujibu.

Kati ya mpya ya kuzunguka na SSD, kwa Bule sina kigugumizi. SSD haina vichwa vinavyoelea juu ya sahani, kwa hiyo mitikisiko ya pikipiki si adui yake. Ya inchi 2.5 inatumia volti 5 peke yake, basi mota ya volti 12 iliyokuwa inalegea kila fotokopi ikiwaka haipo tena. Inakula wati mbili tatu pale ambapo ya kuzunguka inakula sita hadi tisa, na wakati wa kuanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Kwa mtu wa sola hiyo ni dakika za kazi jioni. Na Windows inafunguka kabla hujamaliza kumsalimu mteja. Kasoro yake: ikifa, mara nyingi inakufa kimya bila kukupa siku za kupotea na kurudi. Pia si ya kuwekwa sandukuni miaka bila umeme ukitegemea ihifadhi picha za harusi. Kwa kazi hiyo ya kuzunguka ni afadhali. GB 240 ni ndogo kuliko TB 1, kweli, lakini kazi zote za Mama za miaka sita zilikuwa GB 19.

Alimantasio je? Mpya ya kawaida ni dola 20 hadi 35, lakini hapa kuna mtego. Mashini nyingi za ofisi zinazotufikia, za Dell na HP, hazikubali alimantasio ya kawaida. Dell OptiPlex za namba 3020, 7020 na 9020 kwa mfano zina kichwa kikuu cha pini 8 badala ya 24, na zile ndogo zina umbo lao peke yao. Usimtume mtu Bunia alete “alimantasio ya kompyuta”. Ichomoe, mpe abebe, au piga picha ya kibandiko chake na ya vichwa vyake vyote. Na usiifungue kamwe ili kuitengeneza. Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kipimo cha umeme, multimeta, ni dola 5 hadi 10, na ndicho kifaa ambacho sekretaria yoyote yenye inverta ingepaswa kuwa nacho kabla ya kununua kalamu za rangi. Wakati mashini inafanya kazi, pima waya wa njano na mweusi kwenye kichwa kilichobaki wazi, kisha wa mwekundu na mweusi, huku mwenzako anawasha fotokopi. Namba inayoporomoka mbele ya macho yako inamaliza ubishi wote wa mafundi. Shika ncha za kipimo kwa uangalifu zisigusane.

Kasha la USB la kupimia diski kwenye kompyuta nyingine ni dola 10 hadi 15 kwa diski ndogo. Kwa kubwa ya inchi 3.5 utahitaji lenye umeme wake wa volti 12, dola 20 hadi 30, maana USB ya kawaida inatoa volti 5 tu. Diski inayopotea ndani ya mashini ya mezani lakini inakaa siku nzima kwenye kasha imeshajitetea yenyewe.

UPS ndogo, ile ya betri ya dharura, dola 45 hadi 70, wengi huniuliza. Kwa mtu mwenye betri na inverta tayari, naona ni kununua betri ya pili iliyo mbovu zaidi. Afadhali fedha hiyo iende kwenye inverta ya wimbi laini, kwa kuwa baadhi ya alimantasio za kisasa hazipatani na ile ya wimbi la ngazi. Kwa mtu wa gurupu peke yake, nunua. Gurupu likiishiwa petroli halipigi hodi.

Na wale wanaosema uza ya mezani ununue laptopu ya mitumba kwa dola 150 au 200? Hawajakosea. Ina betri yake, inakula umeme kidogo, na siku mbaya unaibeba. Ila inabebeka hata kwa asiye mwenyewe, na kibodi yake ikiharibika gharama ni nyingine. Mama alikataa: mteja akiona kompyuta kubwa mezani, alisema, anajua ameingia ofisini. Sikuwa na jibu kwa hilo.

Kuokoa data kutoka diski iliyokwisha kufa sikuiweka kwenye hesabu, kwa sababu si ya hapa. Maabara zinazofungua diski kwenye vyumba visivyo na vumbi hutoza mamia ya dola, wakati mwingine zaidi ya elfu. Fundi atakayekuambia ataifungua mezani kwake na kuifuta kwa kitambaa, mshukuru na uondoke na diski yako.

Diski ya zamani ya Mama, ile iliyohukumiwa bila kesi, ilikuwa nzima. Tuliitia kwenye kasha la USB, na kila Jumamosi inapokea nakala ya kazi za wiki kisha inakwenda kulala nyumba nyingine, kwa dada yake. Ile ya dola 55 inafanya kazi ndani ya mashini hadi leo, si kwa sababu ilihitajika bali kwa sababu imeshanunuliwa.

Kwa hiyo kama mtu wako anakwenda Bunia wiki hii na diski yako inapotea na kurudi, mwagize kebo mbili za SATA zenye kibati, betri moja ya CR2032 na multimeta. Haizidi dola 20. SSD aache kwanza dukani, hadi daftari la diski yako liseme vinginevyo.